Makosa Kumi na Manne ya Gari-Nyumba la Buyangu

Jumamosi iliyopita tulimzika Mzee Makokha kwao Navakholo, kando ya kaburi la mke wake. Binti yao Lydia ndiye aliyekuwa akiwatambulisha wageni, na aliponifikia alisema kwenye kipaza sauti, "Huyu ni Zainabu, fundi wa magari. Msimuone hivi. Huyu ndiye alimzuia baba kununua ile nyumba ya magurudumu." Watu wakacheka, nami nikacheka kwa sababu kwenye matanga mtu hucheka anapopewa nafasi. Baadaye, kwenye foleni ya chakula, mwanamume mmoja nisiyemjua alinishika mkono akaniambia, "Ulimuokoa mzee. Wale watu wa magari ya zamani ni wakora." Nilimjibu asante. Kisha nikaiacha foleni, nikatafuta sababu ya kuondoka mapema. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa, na watu wa nyumba ile bado wanasimulia habari hiyo kana kwamba niliwatendea wema. Ningependa kuieleza mara moja kama ilivyokuwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza mafunzo ya umekanika, na nilikuwa nimeajiriwa katika gereji ya Fundi Barasa pale Kakamega mjini. Nilipanga chumba Shirere, katika ploti ya wanafunzi, chumba ambacho kitanda, jiko la makaa na ndoo mbili vilikuwa vimekijaza kabisa. Ovaroli yangu nilikuwa naitundika nje kwa sababu harufu ya dizeli ilikuwa inaingia hadi kwenye mkate. Mwanafunzi wa chumba cha pili alikuwa anasoma kwa sauti, na mimi nilikuwa nalala nikisikia habari za udongo na mbolea. Maisha hayo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba katika gereji nzima nilikuwa mwanamke peke yangu, na mteja aliyeletwa kwangu alikuwa anaangalia nyuma yangu kutafuta fundi. Nikimwambia gasketi imekufa, alikwenda kumuuliza Barasa, na Barasa, bila hata kufungua boneti, alisema gasketi imekufa, ndipo mteja akaamini. Nilikuwa nimebeba hasira hiyo kila siku kama spana mfukoni.

Mzee Makokha alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa mrefu, amevaa koti la suti na viatu vilivyopigwa rangi, mtu aliyestaafu kazi ya kilimo serikalini baada ya kuhamishwa kila pembe ya nchi. Alimwambia Barasa kwamba kuna gari anataka kulitazama huko Buyangu, karibu na msitu, na angependa fundi amfuate. Barasa alikuwa chini ya lori. Akasema bila kutoka, "Enda na Zainabu. Anajua." Mzee alinitazama, akatazama lile lori, akasema basi sawa.

Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya vibanda vya wageni vya mtu mmoja aitwaye Festo. Mtafiti wa ndege alikuwa amelileta kutoka Afrika Kusini, akaishi ndani yake miaka kadhaa kando ya msitu, kisha akaondoka akamwachia Festo. Kwa nje lilikuwa kama basi dogo jeupe lililonenepa, injini ya dizeli mbele, na ndani mlikuwa na kitanda, meza ya kukunja, sinki, jiko la gesi la mafiga mawili na friji ndogo iliyofika magotini. Mzee alipanda, akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika kanisani kabla ya wengine. Mimi nilienda mbele nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa moto.

"Umeiwasha leo?" nikamuuliza Festo.

"Hapana, ni jua tu. Hii gari inawakanga vizuri sana, madam. Wewe skiza tu."

Akawasha, na kweli likawaka mara moja. Lakini injini ya dizeli iliyochoka huwezi kuijua ikiwa na joto. Ikishapata moto hata iliyokufa nusu itaunguruma vizuri. Ukitaka ukweli wake ifikie asubuhi ikiwa baridi, uone itachukua muda gani kuamka na itatoa moshi wa rangi gani. Nilimweleza Mzee hayo tukiwa njiani kurudi. Akaniambia, "Lakini limewaka, binti. Nimeliona likiwaka."

Tulirudi mwezi wa nne. Nilikuwa nimempigia Festo simu jioni ya kuamkia siku hiyo, nikamsihi asiliguse gari. Tukakuta boneti ya moto. Safari hii alisema wageni walitaka kusikia honi. Kulikuwa na kapeti jipya jekundu sakafuni, na nilipotaka kuliinua akasema limebandikwa kwa gundi na mtaalamu, tukilitoa litaharibika. Nilikuwa nimeloa mvua, nimepiga magoti kwenye matope nikijaribu kuangalia chini, na Festo alikuwa anamletea Mzee chai. Barasa alikuwa amekuja nasi siku hiyo kwa kuwa Mzee alimwomba yeye mwenyewe. Alisimama kando ya injini na kikombe mkononi, akasikiliza kwa muda wa kumaliza nusu kikombe, akasema, "Injini ni kali." Maneno matatu tu. Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi nilikuwa na karatasi yenye maswali ishirini ambayo hakuna aliyeyajibu, na maji ya mvua yalikuwa yameyafuta nusu.

Siku hiyo Mzee alitupeleka nyumbani kwake mjini kula. Barasa hakukaa, alikuwa na kazi, kwa hiyo nikabaki mimi. Nakumbuka sebule ile kuliko sebule yoyote niliyowahi kuwa nayo mwenyewe. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma, na ukutani palikuwa na ramani kubwa ya Kenya ambayo Mzee alikuwa ameizungushia penseli kila mahali alipowahi kufanya kazi: Marsabit, Wajir, Lodwar, Taveta. Mkewe, Mama Truphosa, alikuja kunisalimu akiwa amenyoosha mkono kidogo pembeni ya pale nilipokuwa, nami nikadhani ni heshima tu ya kutonikazia macho. Aliposikia jina langu na kwamba natoka Matungu akacheka, akasema, "Asalaam aleikum basi, mtoto wa Matungu. Usiogope ingokho yangu, kuku huyu ni halali. Nilisikia mgeni ni Zainabu nikamtuma jirani yetu Athumani achinje." Alipakua obusuma, ule ugali wa kwetu, na kuku, akanikazania nile, na hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kunifikiria hivyo bila kuulizwa.

Baada ya kula nilibeba sahani kupeleka jikoni, nikasimama mlangoni kwa kuwa walikuwa wakizungumza ndani kwa sauti ya chini.

"Daktari amesema hadi lini?" Mzee aliuliza.

"Hakusema tarehe. Amesema hii presha ya macho imeshaharibu upande mmoja, na huu mwingine unaenda. Labda mwaka uishe. Labda usiishe."

"Tutaenda kabla. Nimekuahidi."

"Umeniahidi tangu Lydia hajazaliwa," Mama Truphosa akasema, na hakuwa amekasirika. "Ulikuwa unaniandikia barua kutoka Lodwar, unasema jua likizama huko mchanga unakuwa kama kaa la moto. Mimi nilikuwa napalilia mahindi Navakholo. Nataka tu nione huo mchanga."

Niliweka sahani chini polepole nikarudi sebuleni. Sasa nilielewa. Mama Truphosa hakuweza kulala kwenye vyumba vya wageni vya barabarani kwa sababu dawa yake ya macho ilipaswa kukaa mahali pa baridi, na mgongo wake haukuvumilia kukaa kitini siku nzima. Kwa hiyo Mzee alitaka kitanda na friji inayotembea. Nilitoka pale nikiwa nimeapa moyoni kwamba Festo hatamdanganya mama huyu. Niliwaza yeye akiwa amekwama kwenye jangwa, haoni, gari limezima, na mimi ndiye niliyesema liko sawa. Nakumbuka uzito wa wazo hilo, na nakumbuka pia, kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli, kwamba chini yake kulikuwa na wazo lingine: kumwonyesha Barasa.

Wiki iliyofuata nilipanda boda boda kabla ya jua kutoka, nikafika Buyangu ukungu ukiwa bado umelala kwenye miti. Festo alitoka na mswaki mdomoni. Nilikuwa tayari nimeweka mkono kwenye boneti, na kwa mara ya kwanza ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Washa," nikamwambia.

"Mbona asubuhi hivi? Mzee ako wapi?"

"Washa tu, Bwana Festo. Kama ni nzuri itawaka."

Alijaribu mara nne. Mara ya tano injini ilikohoa, ikatikisika, ikatoa moshi mweupe uliofunika vibanda viwili hadi nyani wakakimbia wakipiga kelele. Nilifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, kikawa kinarukaruka juu ya tundu kwa nguvu ya hewa inayotoka ndani, maana yake ringi za pistoni zimelika. Niliingia ndani na bila kuomba ruhusa nikainua pembe ya lile kapeti jekundu. Gundi haikuwepo. Niligusa mbao kwa bisibisi na bisibisi ikazama hadi mpini. Paa lilikuwa limevuja miaka mingi na kupakwa rangi juu ya kuoza. Chini, pale springi ya nyuma inaposhikwa, chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ungeweza kuimenya kwa kucha. Matairi yalikuwa na meno mazuri lakini yamepasuka ubavuni kwa uzee. Kila nilipopata kosa niliandika kwenye daftari, na sitaficha, nilifurahi. Festo alikuwa amesimama na povu la dawa ya meno kidevuni. Makosa yalifika kumi na manne.

Nilienda moja kwa moja kwa Mzee na ovaroli yangu chafu. Nilisimama mbele ya ile ramani nikasoma yote, moja hadi kumi na nne, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Mama Truphosa aliketi akisikiliza, kichwa ameinamisha. Nilipomaliza akauliza, "Na hakuna kitu kizuri hapo ndani, mwanangu?"

"Friji inafanya kazi, mama," nikasema.

"Hiyo friji tu?"

"Hiyo tu."

Mzee akasema, "Barasa alisema injini ni kali."

"Barasa alikuwa anakunywa chai, Mzee. Mimi nimeweka mkono ndani. Hilo gari likifika Kitale ni bahati."

Alichukua daftari, akalisoma mwenyewe tena, kisha akalifunga akanirudishia. Siku hiyo hiyo alimpigia Festo simu akamwambia hataki. Nilirudi Shirere nikitembea kifua mbele. Nikajinunulia soda. Nilidhani hiyo ndiyo siku niliyokuwa fundi.

Miezi iliyofuata tulitafuta gari lingine. Tulienda Kisumu kuona moja ambalo halikuwa na hati. Tulienda Eldoret kuona lingine ambalo gia yake ya pili ilikuwa inaruka. Tukaona basi dogo ambalo mtu angeweza kuligeuza nyumba, nikakuta lilikuwa limepinduka zamani na kunyooshwa vibaya. Kila mara nilikuwa sahihi, na kila mara Mzee alirudi nyumbani amenyamaza zaidi. Siku moja ya mwezi wa nane, tukiwa tumekaa kando ya barabara tunasubiri usafiri, alisema bila kunitazama, "Wewe Zainabu, hakuna gari umewahi kulipenda. Unajua kuona ubaya peke yake." Nilitaka kumjibu kwamba ndiyo kazi aliyonipa. Niliudhika vibaya, nikasema moyoni, basi tafuta fundi mwingine. Na kweli hakunipigia tena. Nilisikia baadaye kwamba mwezi huo huo Mama Truphosa alianza kushikwa mkono kwenda chooni.

Mwezi wa kumi lori la kuvuta liliingia gerejini na kitu cheupe nyuma yake. Nililijua lile gari la Buyangu kabla halijageuka. Mpiga picha mmoja wa Webuye alikuwa amelinunua, yeye na mkewe, wakitaka kuzunguka nalo kwenye masoko wakiwapiga watu picha na kulala humo humo. Alikuwa mtu mcheshi, hana haraka. Alimwambia Barasa, "Najua ni mbovu. Nataka tu kujua ni kazi ya siku ngapi." Hilo ndilo swali. Kwa miezi yote ile, mimi na daftari langu, sikuwahi kujiuliza swali hilo, wala sikumpa Mzee Makokha nafasi ya kuliuliza.

Barasa alinikabidhi mimi. "Si ulisema unaijua?" akasema, na sidhani alikuwa ananikejeli. Nilikata chesisi iliyooza, tukachomelea chuma kipya kinene kuliko cha kwanza. Nilibadilisha ringi na nozo zinazopulizia dizeli. Seremala wa jirani aling'oa sakafu yote akaweka plaiwudi. Tulifungua paa tukaliziba upya. Nilifanya kazi nikiwa na hasira, na mwanzoni nilidhani namkasirikia Festo, kisha nikadhani namkasirikia Barasa na kikombe chake. Siku ya sita, nikiwa nimelala chini nikifunga nati za springi, nilitoa daftari la zamani nihakikishe sijasahau kitu, nikaona nilivyoandika. Makosa kumi na manne, kila moja limepigiwa mstari, mengine mistari miwili. Hakuna mahali popote nilipoandika kwamba yote yanatengenezeka. Nililala pale chini nikitazama chuma kipya hadi Barasa akaniuliza kama nimelala usingizi.

Kazi nzima ilichukua siku tisa. Asubuhi ya siku ya kumi, boneti ikiwa baridi, liliwaka mara ya kwanza, bila moshi wa kutajwa. Mke wa mpiga picha alipiga vigelegele. Barasa aliniita "fundi" mbele ya wateja, neno nililolingoja mwaka mzima, na lilipokuja nilitamani anyamaze.

Ilipaswa niende kwa Mzee siku ile ile. Sikwenda. Nilijiambia nina kazi, nilijiambia gari limeshauzwa na kumweleza ni kumtonesha kidonda. Mwezi wa kumi na mbili nilisikia wamehamia nyumbani kwao Navakholo, na hapo aibu ikashinda uvivu wangu. Nilifika siku ya soko. Mzee alikuwa ameenda sokoni. Mama Truphosa alikuwa peke yake barazani, ungo magotini, akiambua maharagwe kwa vidole, macho yakiwa wazi na hayaangalii popote. Nilipotoa salamu alinijua kwa sauti. Alinipa nafasi kwenye mkeka nami nikaanza kuambua pamoja naye. Tuliongea habari za mvua, za Lydia, za mama yangu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Kakamega na hayakutoka hata moja.

Ndipo tukasikia gari likipanda kutoka upande wa mtoni. Barabara ile ya murram, isiyo na lami, inapita mbele ya boma lao, na kilima chake hufanya kila injini iseme yote iliyo nayo. Niliitambua. Mikono yangu ilisimama. Yake nayo ikasimama.

"Ni ile, sivyo?" akasema. "Huwa inapitanga siku za soko. Mzee akiisikia anaingia ndani."

"Ni yenyewe, mama."

"Wanasema wewe ndiye uliitengeneza."

"Ni mimi."

"Na imefika wapi?"

Ningeweza kusema sijui. "Mwezi uliopita walienda nayo Lodwar," nikasema. "Wakarudi salama."

Aligeuza uso kuelekea barabarani. Gari lilifika mbele ya lango, likatupita, likaendelea kupanda kuelekea sokoni. Nilimsubiri anilaumu, na nilikuwa namwomba Mungu mama huyu anilaumu, kwa sababu ningejua la kufanya. Badala yake aliuliza, "Wameipaka rangi?"

"Kijani, mama. Na juu wamefunga baiskeli."

"Kuna mtu dirishani?"

Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nimeyaona vizuri yote matatu, na hapakuwa na mtu.

"Yuko," nikasema. "Mama mmoja wa makamo. Anaangalia nje."

"Anaangalia huku kwetu?"

"Huku huku."

Mama Truphosa alikung'uta maganda ya maharagwe kutoka mkono wake wa kulia, akauinua juu, akapunga, na akaendelea kupunga hadi sauti ya injini ilipopotea nyuma ya kilima.